Uzi wa Fundi

Fundi baiskeli anayeijua kazi yake, awe Majengo ya Mpanda au kwingineko, akiletewa fremu iliyotumika haanzi na rangi. Huipindua, akafuta vumbi shingoni, akapitisha kidole chini ya mabomba, nyuma kidogo ya maungio. Hapo ndipo fremu iliyowahi kugonga hujisema: chuma kimejikunja kidogo, rangi imepasuka kama tope la kiangazi. Kisha huja uzi. Huufunga kwenye mdomo wa nyuma unaoshika ekseli, akauzungusha shingoni na kuurudisha mdomo wa upande wa pili, halafu akapima nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Nafasi zikilingana, fremu imenyooka. Zikipishana, hata kwa milimita chache, gurudumu la nyuma halifuati la mbele: tairi litalika upande na mwendeshaji atapambana na usukani hadi baiskeli imchoshe.

Thamani ya fremu, basi, iko katika unyoofu wake, maungio yake, na uwezekano wa kuitengeneza ikiumia. Ndiyo maana Raleigh za Nottingham na Phoenix za Shanghai zilirithishwa. Ncha za mabomba yake zilimezwa na viungo vya chuma, shaba ikayeyushwa ndani kuvishika, kwa joto pungufu kuliko la kuchomelea, na chuma hakikuungua. Bomba likivunjika, mwenye ujuzi huweza kuilegeza shaba na kutia jingine. Nchi hii nayo ilithubutu: kampuni ya baiskeli ya NABICO ilitutolea baiskeli za Swala. Leo tunanunua kibandiko na rangi inayong'aa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Atasema mtu kwamba fremu za alumini ni nyepesi na hazishiki kutu. Kweli, lakini alumini huchoka kwa kila mzigo hata ukiwa mdogo, ilhali chuma kisichozidiwa nguvu hustahimili miaka mingi. Na ikipasuka, mashine ya kawaida ya kuchomelea haitaiokoa. Mwingine atasema bodaboda zimemaliza habari. Aseme hivyo mbele ya anayeleta mkaa au mahindi mjini Mpanda kutoka Katumba kwa baiskeli, chombo kisichodai petroli. Na wa tatu ataniona nimelewa ukale. Hapana, fremu ya zamani nayo hufa. Maji huingia kwenye bomba la siti, yakatuama chini pale pedeli zinapokutana, na kutu ikala kimyakimya kutoka ndani, nje kukibaki kuzuri. Umri peke yake si sifa. Sifa huthibitishwa kwa kukagua.

Na ukaguzi huo ndio unaotutoka. Fremu iliyopinda hupulizwa rangi asubuhi, jioni ikauzwa kama mpya, kwa sababu mnunuzi hajui pa kugusa wala muuzaji haoni haya. Kijana anayejifunza ufundi hufundishwa kubadilisha kilichoharibika, hafundishwi kupima kilichobaki. Uzi haugharimu kitu. Anayekwenda kununua baiskeli na auchukue mfukoni, na muuzaji akimkataza kuupitisha, amekwisha kumjibu.