Ufundi wa Kutoa Pumzi

Hofu ya maji makubwa, kwa watu wa nchi zetu, haina haja ya kuombewa radhi. Tumezika. Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, na mamia ya abiria hawakufika Mwanza. Septemba 2011 ikawa Spice Islander, kati ya Unguja na Pemba. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara. Mtoto aliyekulia pwani au kando ya ziwa amesikia tangu utotoni kwamba maji hayachezewi, na wengi walioambiwa hivyo hawakufundishwa kuogelea, hasa wasichana. Basi mtu mzima wa Dodoma, Nakuru au Kigali akijiandikisha kwa mara ya kwanza katika triathloni ya masafa marefu, aogelee, apande baiskeli, kisha akimbie bila kupumzika katikati, halafu usiku ule akakosa usingizi, mimi simwiti mwoga. Ana akili timamu.

Ninachotaka kukisifu ni kile kinachomtoa mtu huyo kitandani na kumfikisha mwisho wa mashindano. Ushujaa una sifa zake, ila ni mgeni asiyetabirika: leo yupo, kesho alfajiri ufukweni hayupo. Ufundi hukaa. Hofu ukiikemea hainyamazi, lakini hupungua kila mara mwili unapopata jambo la kufanya na kujua namna ya kulifanya.

Tuanze na maji, maana ndipo hofu ilipo. Kinachomshinda anayejifunza, mara nyingi, ni pumzi. Na tatizo lenyewe haliko katika kuvuta, liko katika kutoa. Watu wengi wakitia uso majini hubana pumzi. Kaboni dioksidi inajikusanya katika damu, na ndiyo hiyo, muda mrefu kabla oksijeni haijapungua vya kutisha, inayoupigia ubongo kelele kwamba unakufa. Anainua kichwa ili avute hewa, lakini kifua bado kimejaa ile ya zamani. Hakuna nafasi ya mpya. Kichwa kikipanda, miguu inazama. Anapigapiga maji, anachoka kabla ya kumaliza urefu wa bwawa, na anatoka akiwa ameamini kwamba mwili wake haukuumbwa kwa kazi hii. Mwili hauna kosa lolote. Hakutoa pumzi.

Tiba yake hufanywa katika maji ya kiunoni. Unatia uso, unapuliza kwa pua, mapovu yanatoka taratibu bila kukatika, kisha unageuza uso pembeni huku sikio moja likibaki majini, unavuta kidogo, unarudi. Tena. Na tena, hata wiki nzima ikibidi, kabla ya kufikiria mikono. Nimewatazama watu wenye vyeo na mvi wakipuliza mapovu pembeni ya watoto wa shule ya msingi, na nasema kwa dhati kwamba naona heshima kubwa katika tendo hilo. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuelea na kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima. Kuelea ndiko ninakokupenda zaidi. Anayejua kulala chali juu ya maji, masikio ndani, kifua wazi, ana mahali pa kupumzika popote ziwani. Na mwenye mahali pa kupumzika hana sababu ya kupapatika.

Kisha unaondoka bwawani. Sasa hakuna mstari mweusi chini wala ukuta wa kushika. Tangu Agosti 2022 watu wa ukanda wetu wamepata mahali pa kulionja jambo hili karibu na nyumbani: Rubavu, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, ambako yamefanyika mashindano ya Ironman 70.3. Unaogelea mita 1,900 katika Ziwa Kivu, unapanda baiskeli kilomita 90, unakimbia kilomita 21.1. Hiyo ni nusu ya masafa kamili ya Ironman, na kwa anayeanza ni mengi ya kutosha. Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hivyo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ataona pumzi inamwishia mapema kuliko alivyozoea. Kina chake kinapita mita 450, na katika tabaka za chini kabisa imeyeyuka gesi ya methani kwa wingi. Mgeni akiyasoma haya usiku wa kuamkia mashindano, tumbo linamkoroga.

Lakini mwogeleaji anatumia sehemu ya juu tu. Maji ya mita 400 yanakubeba sawasawa na maji ya mita mbili. Kina hakimvuti mtu. Kinachobadilika ni fikra, nazo zinahitaji kazi ya kufanya. Kazi ipo. Unahesabu mikono, kila baada ya michache unainua macho tu, pua ikibaki majini, unalitafuta boya, unarudisha uso na kuendelea. Ukiinua kichwa chote, kiuno kinashuka na unalipa kwa nguvu zako. Mwanzoni unasimama pembeni au nyuma ya kundi, unawaacha wenye haraka waondoke na mateke yao, kisha unaingia kwa mwendo wako.

Na kuna kanuni moja ambayo kila anayejiandikisha angepaswa kuambiwa siku ya kwanza. Waokoaji wapo majini, katika kayaki. Ukizidiwa, inua mkono, shika kayaki, pumzika. Maadamu chombo hakikusogezi mbele, huondolewi mashindanoni. Waliotunga kanuni hiyo walimwelewa binadamu. Huenda usiitumie kabisa, lakini kujua tu kwamba ipo kunatosha kumlegeza mtu mabega.

Baiskeli ina hofu nyingine, ndogo lakini yenye kuudhi: pancha mlimani, peke yako, na kanuni haziruhusu rafiki wa nje akusaidie. Hapa mwalimu wako yuko barazani au chini ya mwembe, mikono myeusi kwa grisi. Mwombe fundi baiskeli akuache ukae naye asubuhi moja. Utajifunza kubandua tairi bila kuitoboa tyubu, kuirudisha bila kuibana. Na juu ya yote utajifunza jambo ambalo wenye baiskeli za bei kubwa hulisahau: kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote, utafute mwiba. Usipoutoa, tyubu mpya nayo haifiki mbali. Rudia nyumbani mpaka uweze kufanya hivyo umechoka na mikono ikitoka jasho.

Kukimbia sitakuzungumzia sana. Eneo hili la dunia halihitaji kufundishwa kukimbia. Nitasema tu kwamba miguu inayoshuka baiskeli baada ya saa kadhaa huwa mizito mwanzoni, ndiyo maana makocha hupanga siku za kupanda baiskeli na kukimbia papo hapo, ili uzito huo usikushtue. Nalo tumbo hufanyiwa mazoezi. Mwili unahitaji wanga, kiasi cha gramu 60 kwa saa au zaidi, na siku ya mashindano haifai kuwa siku ya kwanza ya kulijaribu tumbo kwa jeli au ndizi. Mwendo? Mwenda pole hajikwai.

Hofu basi ina dawa zake. Kujitilia shaka ni jambo jingine, tena huja wakati usiotegemewa. Wiki mbili hivi za mwisho, kocha anapunguza mazoezi ili misuli ijijenge na akiba ya wanga ijae. Mtu aliyezoea kuchoka sasa ana nguvu na nafasi ya kuwaza. Goti ambalo halikuwahi kumuuma linaanza kuuma. Mafua ya jirani yanamtisha. Anajiambia kwamba amejidanganya muda wote, kwamba watu wa michezo ni wengine. Ushauri wangu ni asijibizane na sauti hiyo. Afungue daftari la mazoezi na kulisoma tangu ukurasa wa kwanza, pale alipoandika kwamba urefu mmoja wa bwawa ulimshinda. Mashaka husema juu ya kesho, ambayo hakuna aijuaye. Daftari linasema yaliyokwisha kufanyika.

Akumbuke pia kwamba mashindano ya Ironman yalianzishwa na watu ambao wote walikuwa wageni kwayo. Februari 1978, kisiwani Oahu, Hawaii, John Collins, afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, aliunganisha masafa ya mashindano matatu ya kisiwa hicho: kuogelea kilomita 3.86, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni. Walianza watu 15, hakuna hata mmoja aliyewahi kujaribu kitu kama hicho kwa siku moja, na 12 walimaliza. Gordon Haller aliwatangulia kwa saa 11, dakika 46. Collins mwenyewe alitumia kama saa 17.

Novemba 2020, kule Florida, Chris Nikic, kijana wa miaka 21 mwenye hali ya Down, alimaliza masafa hayo hayo kwa saa 16, dakika 46 na sekunde 9, zikiwa zimebaki chini ya dakika 14 kabla ya kikomo cha saa 17 kufika. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye hali hiyo kumaliza Ironman. Njia yake ilikuwa kuongeza ubora wa asilimia moja kila siku. Sijui falsafa ya mazoezi iliyo nyoofu kuliko hiyo, na kila ninapomwona mtu mzima akipuliza mapovu bwawani namwona akiifuata bila kuitaja.

Kwa hiyo wewe uliyekwisha lipa ada na sasa unatafuta sababu ya kujitoa, usijitoe bado. Tafuta mwalimu wa kuogelea wiki hii, kabla ya kununua baiskeli, kabla ya kununua viatu. Mweleze waziwazi kwamba unaogopa, ili aanze na wewe kwenye maji ya kiunoni. Muone daktari apime moyo wako. Na utakapofika wakati wa kufanya mazoezi ziwani au baharini, hata ukiwa umeiva namna gani, usiingie peke yako.