Cale Alikuwa na Nusu ya Barabara, Akachagua Nyasi

Kila wakikutana mashabiki wawili wa mbio za zamani za NASCAR, Daytona 500 ya mwaka 1979 haikosi kutajwa, na ikitajwa, zinazozungumzwa ni ngumi. Nani alimvaa mwenzake kwanza, Bobby Allison alisimamisha gari kwa nia gani, kofia ya Cale Yarborough ilimpata wapi. Mimi ngumi hizo hazinishughulishi hata kidogo. Zilipigwa mbio zikiwa zimeshawatoka mikononi. Kosa lilitendeka kabla yake, kwenye straiti ya nyuma, pale magurudumu ya kushoto ya Oldsmobile namba 11 yalipoacha lami na mguu wa kulia wa Cale ukaendelea kukanyaga mafuta kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo mbio zilipotupwa, na aliyezitupa ni Cale.

Mlioutazama mkanda mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mzunguko wa 200, bendera nyeupe imeshapepea. Donnie Allison yuko mbele na Oldsmobile namba 1 ya Hoss Ellington, Cale amemgandia bampa. Richard Petty, Darrell Waltrip na A. J. Foyt wako nyuma karibu nusu mzunguko, wanagombea nafasi ya tatu na hawana matumaini ya kitu kingine. Kwa hiyo Cale, hata asingefanya lolote, alikuwa wa pili bila mtu wa kumsumbua. Hili liwekeni akilini, maana ndilo linaloupima uamuzi wake.

Wakatoka kona ya pili. Cale akachomoka chini, upande wa ndani. Donnie naye akashuka kumziba. Cale akazidi kushuka. Magurudumu mawili ya kushoto yakaingia nyasini, gari likapoteza mshiko, likarudi juu na kumgonga Donnie ubavuni. Wakagongana tena na tena, wakiwa wameshikamana, hadi wakapanda wote wawili kwenye ukuta wa kona ya tatu, kisha wakaserereka kuteremka mpaka katikati ya uwanja.

Sasa tuitazame barabara yenyewe. Donnie alipoteremka, alihama na kuacha upande wote wa juu wazi. Daytona si njia ya uchochoroni. Ni uwanja wa maili mbili na nusu wenye kona zilizoinama nyuzi 31. Mwinamo huo ulijengwa ili gari lipite juu kwa kasi bila kutupwa nje. Cale alikuwa na mwendo wa ziada, kama alivyo nao kila anayetoka nyuma ya upepo wa mwenzake. Angepanda juu, angefika kona ya tatu ubavu kwa ubavu na Donnie, akiwa na kasi kubwa zaidi na lami ya kutosha kuibeba. Hata kama hilo lisingetosha, bado kulikuwa na kona ya nne, na baada yake kipande chote mpaka mstari wa kumalizia. Alikuwa na nafasi mbili, labda tatu. Akachagua ile moja ambayo mwenzake alikuwa anaisubiri.

Maana Donnie alijua. Dereva yeyote aliyewahi kuongoza pale mzunguko wa mwisho anajua kwamba wa nyuma atataka ndani, kwa sababu ndani ndiyo njia fupi ya kuingia kona ya tatu. Manati, yaani kuchomoka ghafla kutoka kwenye upepo wa gari lililo mbele na kulipita, haina nguvu kama aliye mbele anajua jiwe linatokea upande gani. Inataka kumshtua, au angalau kumfanya asite baina ya pande mbili. Cale hakumshtua mtu.

Lakini kuchagua upande ningeweza kukuvumilia. Kwa kasi ile mtu anaamua kufumba na kufumbua. Nisilolivumilia ni lililofuata, yaani kutoachia mafuta baada ya mlango kufungwa. Na hapa mashabiki wengi husahau jambo ambalo kwangu ndilo linaloimaliza kesi. Mvua ilinyesha asubuhi ile. Mizunguko ya mwanzo ilikwenda chini ya bendera ya njano ili uwanja ukauke. Lami ilikauka, nyasi na udongo wa katikati havikukauka. Tena Cale hakuhitaji kuhadithiwa. Mbio zikiwa bado changa, yeye, Donnie na Bobby walitibuana kwenye straiti hiyo hiyo ya nyuma, wakaserereka mpaka ndani, na Cale akakwama kwenye tope huku mizunguko ikimpita. Yaani alikuwa ameonja udongo ule kwa magurudumu yake mwenyewe, siku hiyo hiyo, mahali pale pale. Halafu mzunguko wa mwisho anaurudia akiwa amekanyaga mafuta mpaka chini, akitegemea utamshika! Dereva mgeni ningemsamehe. Bingwa wa miaka mitatu mfululizo, 1976, 1977 na 1978, simsamehe.

Najua watetezi wake wanavyosema: Donnie alimsukuma, Donnie hakumwachia nafasi. Nimeusimamisha mkanda picha kwa picha. Donnie anashuka, ndiyo, na anashuka sana. Ni ulinzi mkali. Lakini anayeongoza hana deni la kumpa mwenzake njia anayoitaka, na sheria za wakati ule hazikumzuia kulinda ndani. Baadaye Cale akamtia hatiani hata Bobby, ndugu yake Donnie, kwamba alimsubiri njiani ili amzibie. Bobby hakuyatoa magurudumu ya mtu kwenye lami. Anayefuata ndiye anayeona yote mawili, gari lililo mbele na ukingo wa barabara. Donnie hakuwa akiuona mguu wa Cale. Cale alikuwa akiziona nyasi.

Ndiyo maana simchoki David Pearson, dereva wa enzi hizo hizo, na wanaonisoma wameshazoea kunisikia nikimtaja. Firecracker 400 ya mwaka 1974, uwanja ule ule wa Daytona, Pearson anaongoza na Mercury namba 21 ya ndugu wa Wood, Petty yuko nyuma yake tayari kwa manati. Pearson alijua kuwa aliye mbele ndiye mwenye shida. Bendera nyeupe ilipopepea, akaachia mafuta ghafla, kana kwamba injini imekufa. Petty hakuwa na la kufanya ila kumpita. Kisha Pearson akakanyaga, akamfukuzia, akamkuta, na hakuwa na pupa. Alingoja mpaka kona ya nne. Akachomoka pale ambapo Petty hakuwa tena na nafasi ya kujibu, akashinda. Petty alikasirika kweli kweli, akasema ni mchezo wa hatari, na sikatai kwamba ulikuwa wa hatari. Ila tazameni mpangilio wake: kwanza alijipatia nafasi ya nyuma, halafu akachagua mahali, halafu akachagua wakati. Cale mwaka 1979 nafasi ya nyuma alipewa bure, bila kulazimika kuitafuta kwa hila, na akaitumia mapema mno, upande mbaya.

Na mwaka 1976 je? Pearson na Petty walianguka kona ya nne katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, wakaonana na ukuta kama walivyoonana nao kina Cale. Katikati ya mzunguko ule wa moshi na vyuma, Pearson alikumbuka kukanyaga klachi. Injini yake haikuzimika. Ya Petty ilizimika, naye amebakiza umbali mdogo kabisa kuufikia mstari. Pearson akajikokota na gari lililopondeka, mwendo wa baiskeli, akachukua ushindi. Huo mguu wa kushoto wa Pearson nauweka juu ya mguu wa kulia wa Cale siku yoyote ile. Kufikiri wakati gari linazunguka ndiko kulikomtenga Pearson na wenzake.

Hata hivyo, Cale alistahili sifa kwa kazi ya kurudisha mizunguko aliyopoteza topeni, akifukuzana na viongozi mpaka mstarini kila njano ilipowaka, kama sheria ilivyoruhusu enzi hizo.

Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba manati alikuwa anaijua. Bosi wake, Junior Johnson, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuugundua upepo wa gari lililo mbele pale Daytona, mwaka 1960, alipoona kwamba Chevrolet yake dhaifu inakwenda sawa na magari yenye nguvu ikijibanza nyuma yao, na akashinda Daytona 500 kwa elimu hiyo. Gari la 1979 lilitoka kwenye karakana ya mtu huyo! Na Cale mwenyewe alikuja kuthibitisha kuwa anaweza: mwaka 1983 alimpita Buddy Baker mzunguko wa mwisho, mwaka 1984 akampita Darrell Waltrip mzunguko wa mwisho, na mara zote mbili akashinda Daytona 500 bila kugusa jani la nyasi.

Kuna habari nyingine ya vijiweni ambayo lazima niisahihishe, kwani kila mwaka hunijia. Husemwa kwamba Cale na Donnie walimpa Petty ubingwa wa 1979, kwa sababu Petty alimshinda Waltrip kwa pointi 11 tu msimu ulipokwisha. Fanyeni hesabu. Wa kwanza alipata 175, wa pili 170, wa tatu 165, wa nne 160. Cale na Donnie wangemaliza salama, Petty angekuwa wa tatu na Waltrip wa nne. Kila mmoja angepungukiwa pointi 10, na pengo kati yao lingebaki lile lile. Petty alipewa mbio. Ubingwa hakupewa na mtu.

Televisheni nayo ina sehemu yake katika kutupotosha. Ilikuwa mara ya kwanza Daytona 500 kuonyeshwa moja kwa moja mwanzo mpaka mwisho, na CBS walibahatika: theluji ilikuwa imewafungia watu ndani katika sehemu kubwa ya mashariki mwa Marekani. Watu wale wakaona ugomvi topeni, na tangu hapo ugomvi ndio umekuwa historia. Waandaaji wa vipindi wa leo wanakata picha kwenye ukuta na kurukia ngumi. Picha ya magurudumu ya kushoto, ambayo ndiyo yenye somo, inapita haraka hata huwezi kuhesabu moja mbili. Halafu zikaja zile bamba za kubana hewa ya injini, 1988 mpaka 2019, magari yakakwenda kwa makundi na ufundi wa kupanga pigo moja la mwisho ukapotea. Kizazi kizima kimekua kikidhani mzunguko wa mwisho ni bahati nasibu. Kuhusu mstari wa njano uliowekwa mwaka 2001, unaomnyima ushindi anayepita chini yake, mimi nauunga mkono. Ungekuwepo 1979, njia ya Cale isingekuwa halali hata kama nyasi zingekuwa kavu.

Petty, aliyekuwa ametoka kukatwa sehemu ya tumbo majira ya baridi yale yale kwa ajili ya vidonda, alimzuia Waltrip vizuri mpaka mwisho, akapata Daytona 500 yake ya sita. Foyt akawa wa tatu. Donnie akahesabiwa wa nne, Cale wa tano.

Wakuu wa NASCAR waliwatoza faini Cale, Donnie na Bobby, dola 6,000 kila mmoja, kwa ajili ya ngumi. Kwa ajili ya nyasi hakuna aliyeadhibiwa. Mbio zilizofuata zilikuwa Rockingham. Mapema kabisa, Cale na Donnie wakiwa mbele, wakagongana tena, na aliyeshinda siku hiyo ni Bobby Allison.