Neno "Masafa" na Maneno Mawili ya Kiingereza

Wasomaji wetu wasikilizao redio wamezoea kuambiwa na mtangazaji kwamba sauti yake yapatikana "katika masafa mafupi, mita 31". Mtangazaji mwingine husema yu "katika masafa ya megahezi 100". Sisi tulifundisha miaka kadhaa kabla ya kutambua kwamba watu hawa wawili, kwa neno moja, wapima vitu viwili mbalimbali.

Waingereza wana maneno mawili. "Wavelength" ni urefu wa wimbi, tangu kilele chake hata kilele cha lile lifuatalo. "Frequency", ambalo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kusongamana, ni hesabu ya mawimbi yapitayo mahali pamoja kwa sekunde moja. Mtu asimamaye ufuoni aweza kuyatenga mara moja: ayahesabu mawimbi yampigayo miguuni, kisha ayatazame yameachana kadiri gani.

Tena mambo haya mawili hukimbiana. Mawimbi ya redio huenda mwendo mmoja, karibu kilometa 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo yakifupishwa, hesabu yake haina budi kuzidi. Wimbi la mita 300 hupita mara 1,000,000 kwa sekunde. La mita 3, mara 100,000,000. Basi mmoja akisema "masafa mafupi" na mwingine "masafa ya juu", huenda wote wawili wataja wimbi lile lile, naye mwanafunzi adhani wabishana.

Lakini liko baya zaidi. Neno "masafa" tulilipata kwa Waarabu, na kwao, kama kwetu, ni umbali. Mwanafunzi wetu mmoja aliandika daftarini kwamba masafa mafupi ni ya kusikiwa karibu na mji tu. Tulimkosoa kwa wino mwekundu, kisha tukaona haya, kwani alikisoma Kiswahili kama kilivyo. Kumbe mawimbi mafupi, ya mita 10 hata 100, ndiyo yafikayo mbali sana, kwa kuwa hurudishwa chini na tabaka za juu za anga. BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, mawimbi hayo ndiyo yaliyoileta sauti kutoka London hata kwetu.

Hatusemi "masafa" lifukuzwe. Limekwisha kuota mizizi. Libaki kwa "frequency" peke yake, ingawa hata hapo halikai vema, na lile jingine liitwe urefu wa wimbi. Redio ya mita 31 isemwe iko katika mawimbi mafupi, kama wasemavyo watangazaji wengine tayari. Wako wapendao "marudio" mahali pa "masafa". Lakini msikilizaji akisikia marudio hungojea kipindi cha jana.

Na mwanafunzi yule tumemrudishia alama zake.