Waliojua Kuuachia Mpira

Katika mpira wa kikapu anayesifiwa ni mfungaji. Jina lake ndilo linaloimbwa jukwaani, jezi yake ndiyo inayonunuliwa, na watoto wanaorusha mpira kwenye pete iliyopinda nyuma ya shule hujipachika jina hilohilo kabla ya kurusha. Mimi nataka kumsifu mwingine: yule aliyekuwa na mpira mkononi, akaiona pete, akajua kabisa kwamba angeweza kufunga, kisha akautoa kwa mwenzake. Na nikitaka kumwonyesha mtu ufundi huo ulivyo ukifikishwa kileleni, humpeleka moja kwa moja kwenye msimu wa 2013-14 wa San Antonio Spurs katika NBA, ligi ya Marekani.

Timu hiyo iliuanza msimu ikiwa na kidonda kibichi. Tarehe 18 Juni 2013, katika mechi ya sita ya fainali, Spurs walikuwa wakiongoza kwa pointi tano dhidi ya Miami Heat jijini Miami, zikiwa zimebaki sekunde 28 tu watawazwe mabingwa. Wahudumu walikwisha kuanza kuzungushia uwanja kamba za njano kwa ajili ya sherehe za kombe. Kisha mambo yakageuka. LeBron James wa Heat akafunga kwa mtupo wa pointi tatu, akajaribu tena akakosa, Chris Bosh akaudaka mpira uliorudi chini ya pete, na bila kungoja akampa Ray Allen aliyekuwa akirudi kinyumenyume kuelekea kona. Allen akarusha, ikawa sare, saa ikionyesha sekunde 5.2. Miami Heat wakashinda 103 kwa 100 katika muda wa nyongeza, na siku mbili baadaye wakabeba kombe. Watu wengi wanaukumbuka mtupo wa Allen. Mimi hurudi kwa Bosh, aliyekuwa karibu na pete na mikono imemzunguka, akachagua kutoa. Hata kisu kilichowachoma Spurs kilikuwa pasi.

Wachezaji waliporejea mazoezini kwa ajili ya msimu mpya, kocha Gregg Popovich aliwaketisha akawaonyesha upya picha za kipigo kile. Hakuna nyota aliyenunuliwa kuja kuwaokoa. Ukimwondoa Marco Belinelli, Mwitaliano mrusha mpira hodari, waliorudi walikuwa karibu walewale: Tim Duncan wa kisiwa cha St. Croix, aliyekuwa anaelekea miaka 38. Manu Ginobili wa Argentina, aliyecheza vibaya fainali ile hata watu wakaanza kumzika akiwa hai. Tony Parker na Boris Diaw wa Ufaransa. Tiago Splitter wa Brazil. Patty Mills wa Australia. Danny Green, ambaye timu zilikwisha kumwacha zaidi ya mara moja. Na Kawhi Leonard, kijana wa miaka 22 mwenye viganja vipana ajabu na maneno machache.

Kocha hakuwataka wakae na mpira. Ukiupokea, una nusu sekunde ya kuamua: rusha, penya, au toa. Ukishikilia na kutafakari, beki amekwisha kujipanga na faida yote aliyoitafuta mwenzako imepotea. Sharti la pili ni gumu zaidi kwa nafsi ya mchezaji: ukiwa na nafasi nzuri, na mwenzako ana nafasi nzuri zaidi, mpe. Linasikika jepesi. Lakini mtu huyo amerusha mpira mara maelfu kwa maelfu tangu utotoni ili siku moja awe peke yake mbele ya pete, na sasa yuko peke yake, na bado anatakiwa auachie.

Tazama lilivyofanya kazi. Ulinzi wa Miami ulijengwa juu ya kasi: mwenye mpira akikaribia kizuizi cha mwenzake, mabeki wawili humrukia kwa pamoja, wakitumaini atababaika. Ligi nzima ilikuwa ikibabaika. Parker alipoingia kwenye mtego huo hakupambana nao. Aliwavuta wale wawili hatua mbili mbali na pete, kisha akampa Diaw katikati ya eneo. Sasa Spurs wanne wanatazamana na mabeki watatu. Mmoja wa hao watatu anamkimbilia Diaw, na papo hapo mpira uko kwa Green kwenye kona. Anayefuata anamkimbilia Green, naye anausukuma mpira hatua chache juu kwa Leonard, asiye na mtu hata mmoja mbele yake. Hakuna binadamu anayekimbia upesi kuliko mpira uliotupwa vizuri, na Spurs waliufanya ukweli huo kuwa mfumo mzima. Kufikia mechi ya tatu ya fainali walipokutana tena, mabeki wa Miami walionekana wakifika kila mahali baada ya mpira kuondoka.

Diaw anahitaji aya yake. Mwaka 2012 aliachwa na Charlotte Bobcats, timu iliyomaliza msimu huo kwa kushinda mechi 7 na kupoteza 59, kiwango kibaya kuliko chote katika historia ya ligi. Mwili wake ulikuwa mnene, haruki sana, hana haraka. Lakini mtazame anavyopokea. Mpira haumfikii tumboni akaanza kuupanga upya. Anaudaka juu karibu na bega, vidole vikiwa tayari nyuma yake, macho yakitazama upande mmoja na kiwiko kikifunguka upande mwingine. Yuko kama mchezaji wa bao anayejua kete zitaishia shimo gani kabla hajazichota. Katika mechi ya nne ya fainali alifunga pointi 8 pekee. Alitoa pasi 9 zilizozaa vikapu, akadaka mipira 9 iliyorudi, na Spurs wakashinda 107 kwa 86. Anayesoma pointi peke yake angepita jina lake bila kusimama.

Ufundi huu haujengwi kwa wiki mbili za fainali. Ulijengwa katika mechi 82 za msimu wa kawaida, usiku wa mbali ambao hata mashabiki hawaukumbuki. Spurs walishinda 62 kati ya hizo, nyingi kuliko timu nyingine yoyote, zikiwemo 19 mfululizo kati ya Februari na Aprili. Hakuna mchezaji wao hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi, jambo ambalo ligi haikuwahi kuliona. Mfungaji wao mkuu, Parker, alikuwa na wastani wa pointi 16.7, idadi ambayo kwingineko ingemweka nafasi ya pili au ya tatu. Popovich alikuwa akiwapumzisha wakongwe wake kwa makusudi. Mwaka 2012 ligi iliitoza timu dola 250,000 kwa sababu aliwarudisha nyumbani nyota wake kabla ya mechi ya Miami. Wengine walimwona mkorofi. Kwangu hiyo nayo ilikuwa pasi: dakika za Duncan zilimwendea Diaw, za Parker zikamwendea Mills na Cory Joseph, na wote hao wakafika Juni wakiwa wamezoea kubeba mzigo.

Njia ya kufika fainali haikuwa laini. Dallas waliwasukuma hadi mechi ya saba katika raundi ya kwanza, na Oklahoma City hawakutoka mpaka ya sita, katika muda wa nyongeza, Parker akiwa nje na kifundo kilichoumia. Kisha Miami tena. Mechi ya kwanza ilichezwa San Antonio viyoyozi vikiwa vimeharibika, LeBron akashikwa na mikakamao ya misuli, Spurs wakashinda. Ya pili wakaipoteza kwa pointi mbili. Yaliyotokea baada ya hapo, sisi wa Afrika Mashariki tuliyaona saa kumi alfajiri, na usingizi tulioupoteza haukupotea bure.

Katika kipindi cha kwanza cha mechi ya tatu, ugenini, Spurs walifunga pointi 71. Walirusha mara 33 na mipira 25 ikaingia, asilimia 75.8, rekodi ya fainali. Namba kama hizo hazitokani na bahati ya mikono. Zinatokana na kurusha ukiwa peke yako, na ukiwa peke yako ni kwa sababu mtu mwingine amekubali kutorusha. Mechi ya tano walianza nyuma kwa 22 kwa 6, hawakubabaika, wakamaliza 104 kwa 87. Waliwashinda mabingwa watetezi kwa wastani wa pointi 14 kwa mechi, pengo kubwa kuliko la fainali yoyote iliyotangulia. Tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Leonard, ambaye katika mechi mbili za kwanza alifunga pointi 9 kila mara. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumiliki mfululizo ule, kwa hiyo kijana wao aliweza kuupokea.

Msimu huohuo ndio ligi ilipofunga kamera maalumu katika kumbi zake zote, zikaanza kuhesabu hata pasi ya kabla ya pasi. Kumbi za watoto wetu hazina kamera hizo, lakini kalamu na daftari zipo. Ninawaomba makocha wanaowafundisha: chagueni siku moja ya mazoezi msiandike pointi za mtu yeyote, andikeni aliyempa mfungaji na aliyempa aliyetoa, kisha msome majina hayo kwa sauti mbele ya timu nzima. Na mkipata nafasi, waonyesheni kipindi cha kwanza cha mechi ya tatu, mkiwaambia wamtazame asiye na mpira.