Watu wa Nakuru na 'elfu' iliyomezwa

Juma lililopita, nikiwa kwenye matatu kutoka Gilgil kwenda Nakuru, nilimsikia mtangazaji wa redio moja akisoma idadi ya wakazi wa Kaunti ya Nakuru katika sensa ya 2019. Alisema "watu milioni mbili, mia moja sitini na mbili, mia mbili na mbili". Mzee mmoja muuza viazi wa Molo akanigeukia: "Mwalimu, sasa hao ni watu wangapi?"

Swali lake lilikuwa na mashiko. Idadi yenyewe ni 2,162,202. Mtangazaji alimeza neno 'elfu'. Anayesikia "milioni mbili, mia moja sitini na mbili" ataandika 2,000,162. Hapo watu 162,040 wametoweka, ilhali mgao wa fedha za kaunti hutegemea, pamoja na mengine, idadi ya watu! Hesabu nayo hukataa kudanganywa. Jumla ya tarakimu za 2,162,202 ni 15, kwa hiyo nambari hiyo hugawika kwa 3 bila baki. Ni shufwa, na hugawika kwa 7 pia. Ile ya redioni ukiigawa kwa 3, wanabaki watu wawili wasio na fungu.

Kosa la pili ni la upatanisho. 'Mbili' ya kwanza inapatana na 'milioni', kwa hivyo haibadiliki. Lakini ile ya mwisho inahesabu watu wenyewe, nao ni wawili. Usemi sahihi ni: watu milioni mbili, laki moja, elfu sitini na mbili, mia mbili na wawili.

Wapo wanaodai kwamba 'laki' ni neno la kizamani, tuseme 'mia moja elfu'. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba neno hili asili yake ni Bara Hindi, ambako koma huwekwa kwingine: wao huandika 21,62,202. Sisi tunahesabu tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kwa hiyo laki haina koma yake. Hata hivyo, inatuokoa. Sokoni, "elfu na mia mbili" ni 1,200, nayo "elfu mia mbili" ni 200,000. Tofauti ya 198,800 imebebwa na kijineno 'na', ambacho kelele za stejini hukimeza upesi. Ukisema "laki mbili", hakuna wa kukuelewa visivyo.

Mzee wa Molo alinisikiliza, kisha akacheka: "Basi mimi nikiuza shamba nitasema laki. Nikiuza viazi, nitasema elfu na mia."

Watangazaji nao waige busara hiyo: waweke koma kwanza, walitaje kila daraja kwa jina lake, kisha ndipo wafungue maikrofoni.