Zimwi Halina Umri: Hadhira ya Watu Wazima katika Fantasia ya Watoto, Bungoma na Kitale

Mwaka 1998, kampuni ya Bloomsbury ya London ilitoa upya riwaya ya kwanza ya Harry Potter, iliyokuwa imechapishwa mwaka mmoja kabla, ikiwa na jalada lililokusudiwa wasomaji wazima. Ndani ya kitabu hapakubadilishwa kitu. Kilichobadilika ni sura ya nje, ili mtu mzima aweze kukisoma ndani ya gari moshi bila kuona haya. Tukio hili dogo la kibiashara linafichua jambo ambalo uhakiki wa fasihi ya watoto umelizunguka kwa muda mrefu: je, mpaka baina ya hadithi ya mtoto na hadithi ya mtu mzima umo katika matini yenyewe, au umewekwa na wale wanaoiuza na kuifundisha?

Tolkien, katika mhadhara alioutoa mwaka 1939, alidai kwamba uhusiano wa hadithi za ajabu na watoto ni ajali tu ya historia ya nyumba za Kizungu: watu wazima walipozichoka walizisukumia chumba cha watoto, kama ambavyo samani kuukuu husukumwa huko. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inahusu nyumba zenye chumba cha watoto. Ikipelekwa Bungoma inahitaji kusemwa upya, kwa kuwa huko hadithi ya ajabu haikuhamishwa popote. Jioni, fanani alikuwa na hadhira moja. Mjukuu alicheka, mama aliyekuwa akipepeta nafaka alicheka pia, na si lazima wawe walicheka kitu kimoja. Linani, zimwi la ngano za Wabukusu, lilimtisha mtoto kwa meno yake. Mtu mzima lilimkumbusha mlafi anayemjua kwa jina.

Mfano ulio wazi zaidi ni masimulizi ya Mango. Joka kubwa, Khururwe-yabebe, limewasumbua watu. Mango analivizia pangoni mwake na kulikata kichwa, na kwa ushujaa huo anakubaliwa kutahiriwa na majirani waliokuwa na mila hiyo. Mhakiki anayepima kwa vigezo vya rafu za maduka ya vitabu angeiweka hadithi hii miongoni mwa fantasia za watoto: joka, pango, shujaa pekee. Kwa Wabukusu kazi yake ni kinyume kabisa cha hiyo. Inaeleza asili ya tohara, na hukumbukwa kila Agosti ya mwaka usiogawika kwa kubaki, wavulana wanapopelekwa jandoni huku watu wazima wakiimba. Joka ndilo mlango wa kutoka utotoni. Kusema kwamba mtu mzima anayelifurahia joka anarudi utotoni ni kuisoma hadithi kinyumenyume.

Uainishaji tulio nao leo umetokana zaidi na shule kuliko mapokeo. Itazamwe *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Ina ndugu waliogeuzwa manyani, mji uliogeuka mawe, na jini. Vyote vinatoka katika ukoo wa *Alfu Lela Ulela*. Vizazi vya wanafunzi vilikabidhiwa kitabu hiki darasani, na kwa hiyo kikapata sifa ya kitabu cha shule. Hata hivyo swali lililo ndani yake, la mtawala anayelazimika kuwaadhibu ndugu zake kila usiku huku akiwapenda, si swali la mtoto wa miaka kumi na miwili. Mtoto huona manyani. Anayerudi kwenye kitabu akiwa na miaka arubaini, baada ya kugawana shamba na nduguze, huona kitu kingine.

Hapa ndipo Kitale inapoingia. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kukulia Cherang'any, alichapisha *Siku Njema* mwaka 1996. Riwaya hii haina jini wala zimwi, na wahakiki wengi wameichukulia kuwa ya uhalisia. Lakini mifupa yake ni ya ngano: yatima mwenye kipaji, mateso katika nyumba ya waliomlea, baba asiyejulikana aliko, safari ndefu ya kumtafuta. Kongowea Mswahili anaondoka Tanga, na nchi ya mbali anayoiendea ni Kitale.

Kwa msomaji wa Pwani hilo ni jina tu upande wa pili wa ramani. Kwa msomaji wa Kitale ni jambo la ajabu. Katika fantasia nyingi msomaji hutolewa alipo na kupelekwa kusikojulikana; hapa yeye ndiye anayekaa kusikojulikana. Mji wa mahindi, ambao reli iliufikia mwaka 1926 na kukomea hapo, unakuwa mahali ambapo shujaa ataambiwa yeye ni nani. Ni vigumu kuieleza kwa njia nyingine furaha ya watu wazima wa Trans Nzoia ambao bado huisimulia riwaya waliyoilazimika kuisoma kwa ajili ya mtihani. Mhakiki wa uhalisia hulalamikia sadfa zinazomfaa shujaa mno. Lalamiko hilo lina haki yake, kwani zipo sehemu ambapo sadfa inamwokoa mwandishi kuliko inavyomwokoa mhusika. Lakini katika ngano sadfa ni sehemu ya sarufi, na hakuna anayeuliza kwa nini bibi kizee alikuwa njia panda wakati uleule.

Kuhusu filamu, mjadala umeelemea mno katika swali la uaminifu: je, picha imeifuata hadithi? Katika vibanda vya video vya miji midogo ya Kenya swali hilo halina uzito. Filamu ya kigeni hufika ikiwa na sauti ya DJ Afro juu yake, akiisimulia kwa Kiswahili na Sheng, akiwapa wahusika maneno ambayo hawakuyasema na kuwadhihaki wanapostahili. Kampala wako wenzake, na Tanzania alikuwapo Lufufu. Mbinu hii hudharauliwa kuwa ni uharibifu wa sanaa ya wengine. Kwa kweli ni filamu inayorudishwa kwa fanani: kuna sauti inayojua mwisho, kuna hadhira ya rika mchanganyiko inayojibu kwa kelele, na jitu la kwenye skrini linapata tabia za mtu wa mtaani. *Soul Boy* ya Hawa Essuman (2010), ambamo mvulana wa Kibera anapewa kazi saba ili aikomboe roho ya babake, ilifika kwenye matamasha ya kimataifa bila sauti ya namna hiyo. Ni filamu nzuri, na watu wazima waliipenda. Lakini ilitazamwa kimyakimya.

Walibora alifariki Aprili 2020, akiacha vitabu kadhaa vya watoto ambavyo havitajwi sana katika tasnifu kama zinavyotajwa riwaya zake. Sababu haitafutwi mbali. Mwanafunzi wa uzamili anayechagua mada huangalia kwanza rafu, na rafu imekwisha kumwambia kwamba vile ni vya wadogo.