Jedwali la Mkojo Lililoachwa Nje

Waliohudhuria mjadala wa ule mswada juu ya zebaki katika machimbo ya Geita, uliosomwa mbele yetu hapa Shinyanga kabla ya kupelekwa jaridani, hawahitaji kusimuliwa ulivyoandaliwa. Kwa hiyo nitashika jambo moja tu, nalo ni uamuzi wa kulitoa jedwali la vipimo vya zebaki katika mkojo na kuubakiza mchoro wa nywele, uamuzi ambao, kwa insafu yote niliyojaliwa, siuoni ila kuwa ni kosa, tena kosa dhahiri.

Udhuru uliotolewa ni kuwa jarida limeweka kikomo cha majedwali na michoro. Sawa, kikomo kipo. Lakini aliyelazimika kupunguza alipaswa kwanza kujiuliza hoja yake imesimama juu ya nini. Mtu achomaye dhahabu juu ya jiko la mkaa, akilikodolea macho donge jeupe mpaka ligeuke manjano, huivuta zebaki kwa pumzi, nayo aghalabu hudhihiri katika mkojo. Ilhali mwenzake alaye sangara wa Ziwa Viktoria hupata zebaki ya namna nyingine, ile iliyokwisha kugeuzwa na vijidudu vya majini, nayo ndiyo ionekanayo zaidi katika nywele. Ukimpima mchomaji kwa nywele peke yake, umekipima kitoweo chake, kazi yake hujaipima. Fauka ya hayo, nywele za watu wa mwaloni, pale dhahabu inapooshwa na kuchomwa, si shahidi wa kutegemewa, kwani moshi hunata juu yake na kuziosha hakuuondoi wote.

Kinachoniuma ni kuwa kazi ilikwisha kufanywa. Vijana waliokusanya vipimo machimboni walipima kreatinini wakasahihisha kila kipimo, madhali mchimbaji atokaye duarani, yaani shimoni, huku jasho likimtiririka hutoa mkojo mzito usioweza kulinganishwa hivi hivi na wa mama lishe aliyekunywa maji tangu asubuhi. Wakawatenga wachomaji na wafanyao kazi makarashani, kwenye mashine za kusagia mawe, na hao wakawatenga na wasiogusa zebaki kabisa. Kisha, siku za mwisho kabisa, yote yakafutwa, pakasimamishwa mchoro wa nywele wenye rangi za kupendeza, na katika hitimisho ikaachwa ile ile hukumu kuwa wachomaji wamo hatarini, hali shahidi wake amekwisha kutolewa mlangoni.

Mengine ya mswada sina ugomvi nayo: ikisiri ni nzuri, kibali cha maadili kimetajwa, marejeo yamepangwa kama jarida lilivyoagiza.

Wapo wanaonong'ona kuwa jedwali limewekwa akiba kwa makala ya pili. Yamkini ni uzushi; lakini kama ni kweli, basi ni ule ugonjwa niliokwisha kuulalamikia hata nikachosha watu, wa vyuo kuhesabu machapisho wakati wa kupandisha vyeo, hata utafiti mmoja ukakatwa vipande kama nyama ya buchani, kila kipande na jina la mkubwa wa idara juu yake, ilhali waliokusanya chupa za mkojo machimboni hawapati hata mstari wa shukrani.

Linganisheni na utafiti wa Rwamagasa, huko huko Geita, uliochapwa mwaka 2010 katika Science of the Total Environment, uliotokana na mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda: damu, mkojo na nywele vyote vilikuwamo, na watu wa Katoro wakawekwa upande wa pili wa mizani, kama kundi la kulinganishia. Na nikirudi nyuma zaidi, namkumbuka Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, aliyezunguka Tanganyika tangu Desemba 1935 hadi Februari 1936 akiuchunguza udongo, akafariki mwaka 1942, na taarifa ya safari ile ikatoka katika Journal of Ecology mwaka 1947: taarifa ndefu, isiyo na haraka, ambayo msomaji anaweza kuifuata njiani na kuona kila rai ya mwandishi imetoka katika ardhi gani.

Wala nafasi haikukosekana. Jedwali la kwanza, la umri na jinsia, lingemalizwa kwa sentensi mbili. Mchoro wa nywele ungehamia katika kiambatisho, ambacho mwongozo wa jarida lenyewe unakiruhusu. Na jedwali la mkojo, pamoja na safu yake ya kreatinini, lingekaa katikati ya matokeo, mbele ya macho ya mhakiki.